Kura Kumi za Mzee Yovera

Mimi nakata na kupaka nywele rangi hapa Paterson, New Jersey, mwaka wa kumi na tisa huu, na saluni yangu inatazamana na duka la kuku wa kuchoma. Nasema hivyo mapema ili nikiwaambia namjua Eleuterio Yovera, msidhani nasimulia ya kuambiwa. Kila Jumamosi saa nne asubuhi alivuka barabara na aproni yake ya jikoni, akakaa kwenye kiti changu, nikampaka masharubu rangi nyeusi, naye akaitawala Peru mpaka rangi ikauke. Alifukuza mawaziri. Alijenga madaraja. Kuna Jumamosi alimfunga rais mzima na makamu wake wawili, nikamwambia shemeji, tulia, rangi itaingia puani.

Namwita shemeji kwa sababu mkewe, Nélida, ni shoga yangu wa kufa na kuzikana. Wote watatu tumetoka Catacaos, mji mdogo wa kaskazini mwa Peru, na binti yao, Mila, nilimsimamia ubatizo mimi mwenyewe, hapa hapa, kabla sijafungua saluni. Kwa hiyo ninapomsema Yovera namsema mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani ndiye anayesemeka vizuri.

Sasa huyu bwana alikuwa na ugonjwa ambao hapa Paterson wanao wengi, ila yeye ulimkolea. Alikuwa anarudi nyumbani. Miaka ishirini na saba alikuwa anarudi. Alipofika alisema anakaa miwili tu, atafute mtaji. Kwa hesabu hiyo hakununua kitanda, walilala kwenye godoro lililotandikwa juu ya mbao, maana kitanda cha nini na mwakani tunaondoka? Sahani nzuri za harusi zilibaki kwenye boksi. Nélida alikatazwa hata kupaka ukuta rangi. Masanduku mawili makubwa ya safari yalikaa sebuleni, nasi wageni ndiyo tulikuwa tunayakalia, kochi hakuna. Mila alizaliwa masanduku yapo, akasoma, akaolewa, akajifungua mapacha, na masanduku yapo.

Na msidhani alikuwa anakwenda hata kutembea. Mara ya mwisho kuiona Catacaos ni alipokwenda kumzika mama yake. Alikaa siku sita, nne kati ya hizo akiwa chooni. Yeye alituambia ni huzuni. Nélida akaniambia ni maji ya bomba, tumbo limesahau.

Lakini nchi alikuwa anaiongoza kwa simu. Kila mwezi alimtumia dada yake Petronila dola mia, na ukikaribia uchaguzi dola zile zilifuatana na jina la mgombea. Nimesikia kwa masikio yangu, simu ipo kwenye spika, masharubu yana rangi.

"Kaka, huyo unayemtaka amesema atapandisha gesi," Petronila alisema.

"Vumilieni. Nchi ile inataka mkono mgumu."

"Mkono wenyewe unatupiga sisi, kaka. Wewe uko mbali."

"Ndiyo maana naona vizuri. Aliye uwanjani haoni mchezo."

Akakata simu, akanigeukia kwenye kioo akitaka nimsifu. Nilimwambia ainue kidevu. Sijitii mtakatifu, nami niliwahi kumpa mtu kura kwa sababu ya nywele zake, zilikuwa nywele za mtu anayejiheshimu, na baadaye akaiba kama wenzake. Ila mimi sikumlazimisha dada wa mtu.

Mwaka ninaousimulia wagombea walikuwa wengi mpaka karatasi ya kura ilifanana na kitambaa cha meza. Kati yao akatokea mmoja, injinia Bermeo, alama yake ngazi, mtu ambaye hata kwao hawakuwa na uhakika naye. Injinia huyu akapata namba za Waperu wa ughaibuni, akawa anatuma video. Alisema kila mtoto wa nchi aliyetawanyika atarudi, atapewa kiwanja, na biashara yake haitatozwa kodi miaka mitano. Mzee Yovera alipoiona ile video alilia ndani ya jiko la kuku, na wenzake wakadhani ni moshi. Wiki iliyofuata akapiga simu huko Lima, akaongea na kijana fulani wa chama, akajipa cheo cha mwakilishi wa Ngazi wa Paterson. Kitambulisho alijichapia mwenyewe dukani, akakitia nailoni, akakining'iniza shingoni.

Basi hapo tukakoma. Ukinunua robo kuku, ndani ya mfuko kuna injinia. Alibandika injinia kwenye kioo changu, nikambandua. Kanisani alisimama mlangoni akigawa injinia mpaka padri akamwomba kwa upole asubiri watu wapokee Ekaristi kwanza.

Jumapili moja tulikuwa kwao tunakula mchana, mimi nimekalia sanduku langu la kila siku, Mila na mapacha wapo. Yovera akaanza, injinia akishinda tunarudi, safari hii kweli, mwezi wa kumi na mbili tunakula Krismasi Catacaos. Nélida akaweka kijiko chini. Ni mwanamke mpole, hamjawahi kumwona akipandisha sauti, na siku hiyo pia hakuipandisha.

"Baba Mila, mimi nimechoka kuishi stendi," alisema.

"Stendi gani tena?"

"Hii. Miaka ishirini na saba nasubiri basi. Sasa sikiliza. Meza yetu ina watu mia mbili tisini. Injinia wako akipata kura kumi kwenye meza ile, kumi tu, sikudai Paterson nzima, nafunga mizigo na tunaondoka. Ashinde asishinde huko Lima, mimi naondoka na wewe. Asipofika kumi, masanduku haya yanatoka humu ndani, tunanunua kitanda cha watu wazima, na neno kurudi nisilisikie tena mpaka siku unanizika."

Niwaeleze kidogo. Sisi majina yetu yamegawanywa kwa meza, na kila meza inahesabu kura zake palepale jioni na kubandika matokeo mlangoni. Mimi, Nélida na Yovera tulibadilisha anwani ubalozini siku moja, tukaangukia meza moja. Kwa hiyo haikuwa bahati nasibu ya nchi nzima. Kumi zingetoka kwa watu tunaokutana nao dobi.

Nikamtazama Nélida nikaona anachokiweka mezani. Mapacha wale alikuwa anawalea yeye. Mila na mumewe wanaingia kazini alfajiri, watoto wanaletwa wakiwa bado usingizini, bibi ndiye anayewaosha, kuwalisha, kuwatembeza. Mmoja alikuwa halali bila kushika sikio la bibi. Kuondoka kwake ni kuwaacha hao. Mila alikuwa ameinama anamfuta mtoto mdomo ambao tayari ulikuwa safi.

"Kumi?" Yovera akacheka. "Mama Mila, nitakuletea mia." Kisha akatafuna wali wake muda mrefu sana, na mwenye macho haambiwi tazama, lakini siku hiyo mimi nilitazama nisione.

Siku ya uchaguzi ikafika, Jumapili ya Aprili, baridi ya kukata masikio. Hapa lazima nifichue aibu yetu Waperu. Wasimamizi wa meza wanachaguliwa kwa bahati nasibu, majina yanatangazwa wiki nyingi kabla, na kila aliyetajwa anajifanya siku hizo hajui kusoma. Asipotokea, sheria inasema wachukuliwe watu wa mbele kwenye foleni. Ukinaswa hapo umekwisha, utakaa mpaka jioni unapekua daftari. Kwa hiyo Mperu mwenye akili timamu hawahi kupiga kura. Saa mbili kasoro asubuhi barabara ya shule tunayopigia kura ilikuwa imejaa watu wetu, mamia, wanakunywa uji wa shayiri wa moto, wanakula maandazi ya viazi vitamu, wameegemea magari wakisema wanamsubiri binamu. Kwenye foleni hapakuwa na mtu.

Namaanisha hapakuwa na mtu mwenye akili. Yovera alikuwepo tangu saa kumi na mbili na nusu. Suti ya harusi, utepe mwekundu na mweupe kifuani, masharubu niliyoyapaka jana yake, kitambulisho cha Ngazi shingoni. Nélida alinituma nimpelekee chupa ya kahawa. Nikamfuata kwa tahadhari.

"Shemeji, rudi nyuma huku, utanaswa."

"Mzalendo hanaswi, Hermelinda. Mzalendo anajitolea."

"Basi jitolee ukiwa umekunywa kahawa. Shika kikombe."

Kile kikombe ndicho kilichoniponza. Nimenyoosha mkono, mlango ukafunguliwa, mama wa ubalozini akatoka na orodha na kalamu. Meza ya kumi na saba, meza yetu, hakuna hata msimamizi mmoja aliyekuja. Akamnyooshea kidole Yovera, akaninyooshea mimi, akamnyooshea na msichana mmoja muuguzi, Yesenia Mallqui, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku na alitaka kupiga kura akalale. Nilimwambia mimi ni wa kahawa. Akaniambia kitambulisho.

Kisha akamtazama Yovera shingoni. "Baba, wewe ni wakala wa chama? Wakala haruhusiwi kukaa mezani."

Mngeona mkono ule ulivyokwenda mbio. Injinia alitoweka mfukoni kabla mama yule hajamaliza kupepesa. "Chama gani?" Yovera akauliza. Petro mtume alikana mara tatu, huyu wetu moja ilimtosha. Nilijua kilichomvuta. Msimamizi wa kwanza anaitwa mwenyekiti, anapewa beji, na anakaa kiti cha katikati. Mtu ambaye ameongoza nchi miaka kumi na tisa kutoka kwenye kiti cha saluni, leo anapewa meza ya kweli.

Akaivaa ile beji, akafungua kitabu cha maelekezo, akatusomea chote kwa sauti. Tulipomaliza akakirudia, kwa sababu Yesenia alikuwa amesinzia ukurasa wa sita. Alama iwe msalaba au tiki, ndani ya kisanduku. Karatasi yenye neno lolote, jina au saini imeharibika. Alisoma hapo mara mbili akitutazama juu ya miwani, kana kwamba ni sisi tuliokuwa na mpango huo. Halafu wasimamizi tukapiga kura kwanza, ndiyo taratibu. Yesenia alitumia nusu dakika. Mimi nilitumia moja. Mwenyekiti aliingia nyuma ya lile boksi la kupigia kura akakaa humo mpaka wa nje wakaanza kukohoa.

Kuanzia hapo watu wakamiminika, kwa kuwa sasa meza zote zilikuwa zimeshapata wajinga wake. Yovera aliwahubiria mmoja mmoja: ndani ya kisanduku, usiandike neno, usisaini. Mzee mmoja fundi viatu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Je, tusi?" akauliza.

"Tusi pia ni neno, mzee wangu. Itaharibika."

"Hata dogo?"

"Hata dogo."

"Basi acha iharibike, nimekuja kwa ajili hiyo," akasema, akaingia na kalamu yake.

Wengi hawakuja kuchagua chochote. Kwetu kupiga kura ni lazima, kwa hiyo walikuja kubandikwa stika ya ushahidi kwenye kitambulisho, wasisumbuliwe siku wakienda kuuza shamba la urithi. Mama mmoja alisimama mbele yetu na simu, anamwuliza binti yake wa Arequipa ni nani huyu na nani yule, na binti anamjibu kwamba wote ni wezi, chagua aliyevaa vizuri. Nilicheka, lakini nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Huyu anakula kuku kwa Yovera, huyu si mtu wa kubisha, huyu Yovera alimlipia teksi. Nilianza kuogopa.

Nélida alikuja saa sita mchana, na mapacha kwenye kigari. Mumewe akakaa wima.

"Bibi, kitambulisho tafadhali."

"Baba Mila, unanijua tangu nina meno yote."

"Hapa mimi ni mwenyekiti."

Akampa kitambulisho, akaniachia kigari, akaingia na karatasi yake. Hakukawia. Alipotoka aliitumbukiza, akasaini, akaweka dole gumba, na hakunitazama usoni. Niliona ana haraka ya watoto, basi.

Saa kumi jioni tukafunga. Kati ya watu mia mbili tisini walikuja mia moja thelathini na mmoja. Mwenyekiti anafungua karatasi, anasoma kwa sauti, anatuonyesha, mimi naandika vijistari kwenye fomu. Mawakala wa vyama walikuwa wawili. Mmoja alilala na mwingine alikwenda kutafuta kuku.

Ngazi ya kwanza ilitoka kwenye karatasi ya tisa. Ya pili ikakawia. Tulipofika sitini zilikuwa tatu, nikapumua, nikasema moyoni shoga yangu umepona. Halafu zikaja mbili mfululizo. Kila Yovera alipofungua akakuta ngazi, alimeza mate kwanza ndipo akasema. Jasho lilianza kumtoka, na masharubu yakaanza kuchuja, nikaona tone jeusi limesimama kwenye mdomo wa juu. Nilidhani ni furaha. Sita. Saba. Karatasi ya mia moja na kumi na nane, nane. Zimebaki nne, tisa. Niliandika kistari cha tisa kikawa kama mkia wa panya.

Ikafuata ya mgombea mwingine. Ikafuata tupu. Ikabaki moja.

Akaifungua, akaitazama, akaikunja tena.

"Baba, soma," Yesenia akasema, macho mekundu. Yovera akaibana kiganjani. Yesenia akamchukulia mkononi, akaikunjua juu ya meza.

Juu ya ngazi palikuwa na msalaba safi, umenyooka, ndani ya kisanduku kabisa. Chini yake, kwa herufi kubwa, kutoka ukingo hadi ukingo, pameandikwa: UISHI MILELE INJINIA BERMEO, TUNARUDI NYUMBANI. Na chini ya hapo, saini yenye mikia: E. Yovera, Catacaos.

Yesenia akasoma yote kwa sauti, akainua macho mpaka kwenye beji, akarudi kwenye karatasi. Alikuwa amechoka mno hata kushangaa. "Sawa, lakini nia yake inaeleweka," akasema. "Mimi nataka kulala. Aliyelala huyo hajaona, na mimi sina neno. Andikeni kumi twende."

Wakanitazama, kalamu ninayo mimi. Niwaambieni ukweli, sikuwa na la kusema kuhusu sheria wala uadilifu. Nilikuwa namwona mtoto anayeshika sikio la bibi yake. Kama Yovera angesema andika kumi, sijui ningefanya nini. Nadhani ningeivunja kalamu.

"Imeharibika," Yovera akasema.

"Baba, ni yako."

"Binti, sheria ni sheria. Ina maneno, ina saini. Hermelinda, andika tisa."

Niliandika upesi asije akabadilika. Nilipomtazama tena, alikuwa ameegemea kiti, na uso umemlegea kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu asubuhi. Hapo ndipo nilipomwelewa, na hasira ikanipanda mpaka kwenye nywele.

Tukabaki wawili tunafunga sanduku la kura kwa gundi ya karatasi. "Shemeji," nikamwambia, "kile kitabu umekisoma mara mbili."

"Nimekisoma."

"Ukaingia kule ukaandika barua."

Akakata gundi kwa meno. "Nilitaka nimpigie, na isihesabiwe. Nilidhani atapata tatu. Tisa zimetoka wapi, Hermelinda? Watu wa hapa hawana hata haya, unawaambia wapigie mtu, wanampigia."

"Kwa hiyo hutaki kurudi."

Akabandika gundi kwenye sanduku. "Kule nani ananijua? Mama hayupo. Petronila nimemfokea kwenye simu mpaka siku hizi anampa mtoto aongee na mimi. Nikitokea pale na masanduku, mimi ni nani? Mchoma kuku aliyezeeka. Hapa angalau Jumamosi nina nchi."

Ningemtukana, na maneno nilikuwa nayo, lakini lile la mwisho lilinikata. Nikamwambia akafute masharubu.

Fomu ikabandikwa mlangoni. Nélida akaja na Mila, kigari Mila ndiye anakisukuma. Yovera alikuwa ameshajiandalia uso wa msiba.

"Tumekosa moja, Mama Mila. Moja tu. Hawa watu hawana uzalendo."

Nélida akasogea, akaweka kidole kwenye mstari wa ngazi. "Tisa?"

"Tisa."

"Na mimi nimo?"

Yovera hakuelewa. Hata mimi sikuelewa.

"Nilimpa," Nélida akasema. "Nilisema huyu mtu atakufa juu ya lile godoro na hamu yake, na itakuwa ni mimi niliyemfunga kwa kamba ya wajukuu. Nikaingia mle, nikamwekea alama injinia wako. Sasa mimi mmoja, wewe wa pili, watu saba wengine. Basi. Angalau nilijaribu."

Yesenia alikuwa anapita, koti begani, kope zimefumba nusu. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka tu kumfariji mama wa watu. "Mama, zilikuwa kumi," akasema. "Ya mwenyekiti ndiyo iliharibika. Aliiandikia maneno, halafu akaikataa mwenyewe. Mtu mwaminifu sana." Akatuaga, akaenda zake kulala.

Mila aliangalia chini. Nélida alimtazama mumewe, tangu kwenye utepe mpaka kwenye viatu.

"Uliandika nini, baba Mila?"

Ilibidi ajibu. "Tunarudi nyumbani," akasema, kwa sauti ambayo sikuijua.

Nilimsubiri Nélida alipuke. Ningemsaidia kulipuka. Yeye akaanza kukunja kitambaa cha mtoto, pembe kwa pembe. "Mizigo nimefunga tangu saa saba mchana," akasema. "Niliwahesabu watu wako, nikajua kumi zinafika. Nimemuaga Mila, tumelia, tumemaliza. Hawa nimewapakia nguo zao, kuanzia kesho wanakwenda kwa mama mkwe wa Mila. Nimempigia hata Petronila, ametandika kitanda."

Yovera akachangamka, maskini, akadhani amepata njia. "Basi si tunafungua tu? Tunabaki, mke wangu. Kitanda kesho nakununulia, chenye kichwa cha mbao, utakavyo."

"Fungua sanduku lako," Nélida akamjibu. "Langu liache."

Aliondoka Alhamisi. Nilimsihi, Mila alimsihi, naye akatuambia hana hasira na mtu, ila ameshaaga, na mtu akishaaga hawezi kuendelea kuranda sebuleni watu wamtazame. Miezi mitatu, akasema, labda sita, anataka kwanza aione hiyo Catacaos ambayo kwa ajili yake amelala chini miaka ishirini na saba. Yovera alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, amevaa ile suti, anasukuma sanduku lisilo lake. Mila alikuwepo, yeye ndiye aliyenisimulia. Walipofika kwenye ile kamba ambapo wasiosafiri wanaishia, Nélida akapita, na Yovera akaendelea kusimama pale katikati ya njia, watu wanampita huku na huku, mpaka mlinzi akamsogelea akamwuliza kama naye anasafiri.

"Hapana," Yovera akamwambia. "Mimi ni mtu wa hapa."